Koti la Mwenye Ufunguo

Kendu Bay,
9 Machi 2025

Janeffer mwanangu,

Leo ni tarehe tisa Machi. Nimekaa nje ya Kapkatet miaka kumi na saba na ushei, na kabla ya hapo nilikaa hapo miaka ishirini na sita. Naweka hesabu hiyo juu ya barua ili tusisumbuane baadaye. Anayekuandikia ni mtu aliyeondoka.

Barua yako na kile kifurushi nilivichukua kwenye ofisi ya basi Oyugis. Akeyo binti yangu alifanya vizuri kukuonya kuhusu simu. Feni za kiwanda zilikula masikio yangu polepole, na sasa mtu akinipigia nasikia upepo tu. Karatasi tunaelewana.

Nimefurahi kwamba wakulima wa upande wenu wamejenga kiwanda chao kidogo cha chai. Nimesikitika kwamba aliyewauzia bodi ya kuendesha vitanda vya kunyaushia majani hapokei tena simu. Na nimecheka niliposoma maneno ya baba yako: "Andikia Baba Akeyo, yeye ndiye alifunga waya za vitanda wakati sisi tulikuwa tunaogopa stima." Mwambie Kipkirui kwamba mimi pia nilikuwa naogopa.

Bodi uliyonitumia, ninayoirudisha na barua hii, ni ndogo kuliko kiberiti, na haina kosa. Kosa lilikuwa kwenye programu. Ilifanya kazi moja, ikamaliza, ikaenda kwa nyingine, kama mpishi mmoja anayezunguka sufuria tano. Nimeifuta. Mahali pake nimeweka mfumo mdogo wa uendeshaji wa aina inayoitwa ya wakati halisi. Jina hilo lisikudanganye ukadhani ni mfumo wa kasi. Kasi hauahidi. Unaahidi kwamba kazi iliyo muhimu zaidi haitachelewa kupita muda uliowekewa. Kila kazi nimeipa daraja. La juu kabisa ni kupima joto na unyevu, na kuzima hita majani yakianza kuungua. La katikati ni kupokea uzito kutoka kwenye mizani wakati wachumaji wanaleta majani. La chini ni kuandika kumbukumbu kwenye memori kadi na kutuma ujumbe kwa simu yako.

Unashangaa mzee wa umri wangu amejifunzia wapi. Akeyo aliniletea bodi kama hii nilipostaafu, akidhani itaniliwaza baada ya kumzika mama yake. Kitabu kilikuwa kinene na siku zilikuwa ndefu.

Umeandika kwamba ingekuwa afadhali nije kuifunga mwenyewe. Goti langu la kushoto halitaki safari.

Wako,
Gordon Ogada


Kapkatet,
2 Aprili 2025

Chamgei Baba Akeyo,

Bodi tulifunga na ilianza vizuri sana. Skrini inaonyesha joto la kila kitanda, na mimi napata ujumbe nikiwa hata sokoni Chepilat. Watu walikuwa wanakuja kuiangalia kama ng'ombe mgeni.

Lakini inalala. Sina neno lingine. Inafanya kazi siku tatu, nne, halafu saa fulani inanyamaza na hita inabaki imewaka. Juzi kitanda cha pili kiliiva chote. Majani yalikuwa mekundu, yanavunjika ukishika, na yalikuwa majani ya watu wengi. Masese, yule tumempa kazi ya moto, alisimama mbele ya wanachama akasema yeye hajawahi kulala akiwa zamu, na hajui kwa nini anasimamiwa na kitu kinacholala. Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu mimi ndiye niliwaambia tununue hiyo bodi.

Mwenyekiti amesema ikichoma kitanda kingine, inang'olewa. Ikitoka, inabidi turudi kuwasha na kuzima kwa mkono, na hatuna watu wa kutosha. Tutaanza kupeleka majani kwa kiwanda kikubwa kama zamani na hichi chetu kitakuwa stoo ya mahindi.

Baba anakusalimia. Anasema goti linaweza kubebwa na gari.

Ni mimi,
Janeffer


Kendu Bay,
10 Aprili 2025

Janeffer mwanangu,

Pole kwa kile kitanda. Harufu ya majani yaliyoungua naijua. Inakaa kwenye nguo hata ukifua.

Usinitumie masikitiko, nitumie mambo. Inalala siku zipi? Mvua imenyesha au jua limewaka? Nani yuko kwenye kitanda, nani yuko kwenye mizani? Usiandike unachodhani. Andika ulichoona.

Na jambo jingine. Sensa inasema unyevu ni kiasi fulani, nami siiamini mpaka nishike. Baba yako anajua kipimo chetu cha zamani: unachukua konzi ya majani yaliyonyauka, unakamua, unafungua mkono. Donge likifunguka haraka, bado. Likikaa kimya bila kufunguka, umechelewa. Likifunguka polepole kama mtu anayeamka bila kuitwa, ndipo. Kamua wewe, halafu nitumie konzi hiyo hiyo ndani ya mfuko nami nikamue hapa.

Gari la kubeba goti lipo. Lakini mwezi huu tuna msiba wa jirani.

Gordon Ogada


Kapkatet,
21 Aprili 2025

Baba Akeyo,

Nimeangalia kama ulivyosema. Nilikaa karibu na mizani na kalamu mpaka Masese akaniuliza kama nimeandikwa kazi na polisi.

Hailali asubuhi. Hailali siku ya jua kali. Imelala tu alasiri ya siku ambazo mvua ilinyesha jana yake, majani yakawa mengi na wachumaji wakapanga foleni mpaka barabarani. Na Jumapili haijawahi kulala hata mara moja. Jumapili hatupokei majani, lakini vitanda vinakuwa vimejaa ya Jumamosi, na hita zinawaka vile vile. Kwa hivyo mimi nafikiri hita haina makosa. Shida inatoka kwa mizani, ingawa mizani haijaunganishwa na hita. Nimesoma diploma ya kompyuta lakini hapo nimefika mwisho.

Majani nimeweka kwenye mfuko wa karatasi. Nilikamua, yakafunguka polepole. Baba naye akakamua. Alikaa na hilo donge mkononi muda mrefu. Akasema, "Mwambie hata hii mkono yangu imesahau. Akuje akamue yeye."

Janeffer


Kendu Bay,
30 Aprili 2025

Janeffer mwanangu,

Majani yalifika meusi. Joto la basi liliyapika njiani, na nilipofungua mfuko nilipata harufu ya kitu kilichoanza kuwa chai bila mtu kukisimamia. Nilikamua hata hivyo. Hayakuniambia chochote.

Lakini Jumapili yako imeniambia yote. Umefika mbali kuliko unavyodhani.

Kuna waya mmoja ndani ya bodi ambao kazi mbili huutumia kwa zamu: ile ya juu ya kusoma joto, na ile ya chini ya kuandika kumbukumbu. Ili zisigongane niliweka kufuli. Mwenye ufunguo ndiye hutumia waya, mwingine husubiri. Sasa tazama alasiri ya majani mengi. Kazi ya chini inachukua ufunguo, inaanza kuandika. Kabla haijamaliza, mizani inaita. Mizani ni ya daraja la katikati, kwa hiyo inaisukuma ile ya chini kando, na wachumaji ni wengi, mizani haipumziki. Ya chini imesimama kando, ufunguo mkononi. Na ya juu, yenye kazi ya kuzima hita, inasubiri ufunguo. Hakuna aliyelala, mwanangu. Mkubwa anamsubiri mdogo, na mdogo amezuiwa na mtu wa kati asiyejua kitu.

Nilipoelewa nilitoka nje nikakaa, kwa sababu nilishaliona jambo hili kwa macho yangu, kwenye kiwanda kikubwa, kabla hujazaliwa. Muulize baba yako habari ya boila. Ufunguo wa stoo ya vipuri ulikuwa kwa mfagiaji, aliyetumwa kurudisha spana. Karani wa mizani akamwona anapita, akamwambia beba magunia, na mfagiaji hawezi kumkatalia karani. Mtu wa boila akasubiri vali mpaka maji yakakaribia kuisha. Boila ingelipuka, tungepaa sote. Baba yako alikuwa msimamizi wa zamu. Hakumfukuza mtu. Alivua koti lake jekundu la usimamizi, lenye jina lake mfukoni, akaweka sheria: anayeshika ufunguo wa stoo avae koti hilo, na mwenye kulivaa asitumwe wala kusimamishwa na yeyote mpaka aurudishe ufunguo kwenye msumari na avue. Watu walicheka. Walimwita mfagiaji Bwana Foremani. Lakini walimpisha.

Katika mfumo huu kuna kufuli za aina mbili, na kwa sura zinafanana. Ya kwanza ni kufuli tupu, nami ndiyo niliyotumia. Ya pili ina koti: anayeishika huazimwa daraja la anayemsubiri, humaliza kazi yake bila kusukumwa, akiachia ufunguo hurudi kwenye daraja lake. Nimebadilisha. Ni mistari michache tu. Nimeongeza pia mlinzi, programu ndogo inayoiwasha bodi upya kama kazi ya joto ikinyamaza.

Kadi mpya yenye programu hiyo imo ndani ya bahasha. Ifunge.

Gordon Ogada


Kapkatet,
25 Mei 2025

Baba Akeyo,

Kongoi sana kwa kadi. Nilimsomea Baba barua yako, hapo kwa koti. Aliniambia nirudie. Halafu akaniambia ninyamaze.

Sasa kuhusu bodi. Imekuwa afadhali, lakini bado inalala mara moja moja. Wiki iliyopita ililala alasiri. Siwezi kueleza vizuri kwa barua. Nafikiri lazima uione wewe mwenyewe ikiwa imefungwa. Ukishuka Sotik nitakuja kukuchukua na gari ya Kipkoech, binamu yangu, haina vumbi ndani.

Baba alikuwa hospitali hapa Kapkatet wiki moja, kifua. Ametoka lakini hatembei mbali. Usiogope.

Janeffer


Kendu Bay,
5 Juni 2025

Janeffer mwanangu,

Pole kwa baba yako. Asikae nje ile saa mvua ya mawe inapokuja. Alikuwa na tabia hiyo, ya kusimama mlangoni kuiangalia inavyopiga miche.

Nimeitazama programu tena na nimebadilisha kitu kidogo. Kadi ni hii. Ijaribu, uniandikie.

Kuhusu safari, daktari wa Homa Bay anataka kuniona mwezi huu.

Gordon Ogada


Kapkatet,
30 Juni 2025

Baba Akeyo,

Kadi ya pili nimeweka. Imesaidia kidogo lakini bado inalala, hasa Jumatano.

Mambo mengine ni mazuri. Majani yetu yamesifiwa kwa mnada na wanachama wapya wameingia. Masese anawaambia wageni kwamba yeye na bodi ni zamu moja, na anaifunika na mfuko wa nailoni jioni kama mtoto. Mwenyekiti hasemi tena kung'oa.

Kuna kitu Baba anataka ujue. Shamba lako bado liko. Tunachuma na tunapogoa miaka yote, isipokuwa ule mstari wa mbele, pale mlango wa nyumba yako ulikuwa. Huo Baba alikataza ukatwe. Sasa si miche tena, ni miti. Imepita urefu wa paa na inatoa maua meupe. Watu wanaopita wanauliza ni miti gani, hawajui chai ikiachwa inakuwa hivyo. Njoo uone hata kama ni siku moja. Na uangalie bodi.

Janeffer


Kendu Bay,
12 Julai 2025

Janeffer mwanangu,

Bodi hailali.

Nilipoweka mlinzi niliweka pia namba yangu ya simu, na sikukuambia. Kila mlinzi anapoiamsha bodi baada ya kazi ya joto kunyamaza, bodi hunitumia neno moja: NIMEAMKA. Stima ikipotea na kurudi haitumi. Hutuma tu ikiwa imelala kweli. Na kila Jumapili asubuhi hutuma neno jingine, NIPO, ili nijue kwamba ukimya wake si wa sim kadi iliyoisha pesa. Tangu uifunge kadi ile ya Aprili nimepata NIPO kila Jumapili. NIMEAMKA sijaipata hata mara moja.

Kwa hiyo nilijua mwezi Mei. Na nilikutumia kadi ya Juni nikisema nimebadilisha kitu kidogo. Nilibadilisha namba ya toleo. Ilikuwa programu ile ile, neno kwa neno. Wewe ukaniandikia kwamba imesaidia kidogo.

Sina hasira. Nimekuwa nikifungua bahasha zako pale pale dirishani Oyugis, nisingoje kufika nyumbani. Ugonjwa wa bodi ulinifaa mimi kama ulivyokufaa wewe, nao ungeweza kuendelea mwaka mzima. Lakini nimezeeka, na baba yako anaumwa kifua, na sitaki tumalizie muda uliobaki tukitibu kitu kizima.

Niambie Kipkirui anataka nini.

Gordon Ogada


Kapkatet,
27 Julai 2025

Baba Akeyo,

Nimeona aibu, halafu nimecheka, halafu nimempelekea Baba barua. Yeye hakuona aibu. Alisema, "Si nilikuambia huyo mtu hadanganywi na waya?" Halafu akaniambia nichukue kalamu niandike vile anasema, nisimrekebishe. Haya ni maneno yake:

*Baba Akeyo. Mashine haina shida. Mimi ndiye nilimwambia huyu msichana aseme iko na shida, kwa sababu ukiitwa kwa kazi unakuja, na ukiitwa kwa chai unasema goti. Nakujua.*

*Mimi siku zangu si mingi. Sikuiti kwa shamba. Shamba iko, hiyo hata mtoto wako anaweza kuja kuona. Mimi nataka wewe ukae kwa mlango yangu mchana, watu wa kanisa wakipita wakuone. Ile siku ya fujo ya kura nilikutoa hapa kama kitu imeibwa. Nilikuvalisha koti yangu, nikakupatia ufunguo ya stoo mkononi, nikakuambia tembea katikati ya barabara usiangalie nyuma. Na mimi nilibaki hapo nyuma nikihesabu miguu yako. Nilikutoa kama mwizi. Nataka nikurudishe kama mtu. Nitakuja mwenyewe mpaka Sotik na tutatembea pamoja, na hakuna mtu atakuuliza kitu ukiwa na mimi.*

*Kuja, omera, ndugu yangu.*

Hapo alichoka. Sasa ni mimi.

Baba Akeyo, kuna kitu yeye alikataa niandike, na ninaandika akiwa amelala. Huko wewe unafikiri alibaki msimamizi. Koti lilikuwa na jina lake mfukoni, na kila mtu pale kwa mawe ya kufunga barabara alilisoma ulipopita. Wengi walikuwa watu wa zamu yake. Walikupisha kwa sababu miguu yao ilikuwa imezoea kupisha hilo koti. Ulipopotea kwenye kona ndipo walielewa wamepisha nani. Hawakumpiga. Lakini mwezi uliofuata kulikuwa na msimamizi mwingine, na Baba alipelekwa kufagia majani chini ya vitanda, mpaka akastaafu. Maziwa yetu hayakununuliwa na jirani karibu mwaka mzima. Mimi nilikuwa shule ya msingi na sikuelewa kwa nini tunakunywa maziwa mengi hivyo. Hakupewa koti lingine.

Hakuwahi kusema anajuta. Lakini jioni akiona mtu anakuja kutoka upande wa barabara, anauliza ni nani kabla hata mbwa hajabweka. Ninafikiri ni wewe anauliza.

Tafadhali kuja.

Janeffer


Kendu Bay,
10 Agosti 2025

Janeffer mwanangu,

Msomee baba yako barua hii yote, hata pale inapokuhusu wewe.

Kipkirui ndugu yangu,

Sikujua. Kwa miaka hii yote nilikuweka mahali nilipokuacha, mbele ya zamu, mikono nyuma, ukiwaambia watu watulie. Niliposoma kwamba ulifagia chini ya vitanda nilivyofunga waya mimi, nilikunja barua nikaenda kutembea ziwani, na goti halikusema kitu.

Ile alasiri naikumbuka kwa utaratibu. Mama Akeyo na mtoto walikuwa wametangulia na lori, nami nilikuwa nimebaki kufunga nyumba kama mjinga, kana kwamba kufuli ingesaidia. Ulikuja kwa njia ya katikati ya miche. Hukusema pole. Ulisema, "Vaa." Mikono ya koti ilikuwa mifupi kwangu, tukalitazama, na wewe ukasema kwa bahati mbaya Mungu hakupima Wajaluo kwa futi za watu. Nilicheka. Nadhani ndicho kicheko cha mwisho nilichotoa hapo. Kisha nikatembea. Mbele kulikuwa na mawe na magogo, na vijana, na wazee wa zamu yetu katikati yao. Mmoja, niliyempandishia waya za stima nyumbani kwake, alinitazama usoni, akatazama koti, akatazama ufunguo. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa ya kazini: "Mpisheni mwenye ufunguo." Wakafungua.

Nimelifikiria neno hilo kuliko maneno yote niliyosoma vitabuni. Walilipisha koti. Mimi nilikuwa ndani yake tu, kwa daraja la kuazima, mpaka nifike ng'ambo.

Sasa unasema utakuja mpaka Sotik tutembee pamoja, na hakuna atakayeniuliza kitu nikiwa na wewe. Najua ni kweli. Najua pia ni upendo. Lakini hebu isikie ilivyo, ndugu yangu. Niliishi hapo miaka ishirini na sita. Nilizika marafiki hapo na nikafunga taa za nusu ya nyumba za mtaa. Nikirudi, nitarudi nimevaa wewe. Watanipisha tena, na tena hawatakuwa wamenipisha mimi. Ningeweza kuja kama ungekuwa mgonjwa tu na mimi ni rafiki tu. Ungeniita kwa chai, ningekataa mara mbili, nije ya tatu. Lakini unaniita ili watu wanione. Hao watu hawajaniita. Wamekuwa na miaka kumi na saba, na barabara ya kuja huku ni ya lami.

Usiwachukie kwa ajili yangu. Wewe unaishi nao na Janeffer anapima majani yao. Mimi mwenyewe sina chuki. Nimechoka tu, na uchovu huu haupoi kwa safari.

Shamba ni la Janeffer. Akeyo amekubali, na ataleta karatasi zake mwenyewe mwezi wa Disemba. Mpokee yeye. Alizaliwa hapo na hajawahi kuvaa koti la mtu. Ule mstari wa mbele msiukate.

Janeffer, kadi iliyomo ndani ya kifurushi ni ya mwisho, na safari hii nimebadilisha kitu kweli. Nimeandika kila kazi inafanya nini, kwa Kiswahili, juu ya kila sehemu ya programu, ili hata mtu mwingine aweze kuitunza. Hutahitaji mgonjwa mwingine wa kuniandikia. Andika hata kama kila kitu ni kizima. Namba yangu nimeiacha humo. Bodi iendelee kunitumia NIPO siku ya Jumapili. Ninaisoma kabla ya kanisa.

Chini ya kadi utakuta koti. Nililifua mara moja tu, tulipofika huku, na mama Akeyo alishona kifungo kilichokuwa kimetoka. Ufunguo uko mfukoni, upande wenye jina. Najua kufuli yake ilibadilishwa zamani. Mpe baba yako mkononi, mchana, mlango ukiwa wazi, na yeyote anayepita aone. Katika kufuli ile ya pili, nilikuambia, anayemaliza huachia ufunguo na kurudisha daraja kwa mwenyewe. Mimi nilimaliza siku ile ile. Nimechelewa tu kurudisha.

Kipkirui, livae. Ukishalivaa, ufunguo utundike kwenye msumari wowote ulio karibu.

Mimi sitarudi Kapkatet.

Gordon Ogada